Ubani wa Manal na Giaboksi ya Marehemu

Wasomaji wangu, Ijumaa iliyopita niliwaacha pabaya. Niliwaacha nimekwama katikati ya kilima cha Qantab, nimekanyaga mafuta mpaka chini, injini inalia kama mbuzi wa Idi, na gari haiendi.

Kama hukunisoma wiki zilizopita usione taabu, kisa changu hakina mafundo. Mimi ni Jawaher. Nimezaliwa Unguja, nimezeekea Maskati. Mume wangu Marhoon, Mungu amrehemu, aliniachia vitu viwili: mwanangu Harub, ambaye sasa ni mkurugenzi wizarani, na gari ya otomatiki iliyowazidi umri baadhi ya wajukuu zangu. Kati ya viwili hivyo, gari ndiyo iliyokuwa ikinisikiliza.

Kwa gari hiyo kila Alkhamisi nakwenda Qantab kwa mdogo wangu Sayyida, ambaye mguu wake mbovu haumruhusu kuvuka kizingiti. Nampelekea mkate wa kumimina. Tunasema watu mpaka alasiri, kisha narudi. Safari yangu ni hiyo. Nyingine sina.

Mliniuliza niliondokaje kilimani. Nilishusha mkono wa gia mpaka kwenye L, gia ya mlima, kama Marhoon alivyonifunza. Gari ikatafakari, ikagutuka, ikapanda polepole kama bibi harusi anayeletwa ukumbini. Nyuma yangu kulikuwa na basi la watalii walioshuka melini pale bandarini. Walinipiga picha. Huenda sasa hivi nipo ukutani kwa mtu Ujerumani.

Nikafanya kosa la kumwambia Harub.

"Mama, gari hiyo imekufa."

"Imekufaje na nimerudi nayo?"

"Imekufa kiufundi."

Harub akisema "kiufundi" ujue hajui. Hata marehemu baba yake alikuwa akilisema neno hilo anapotengeneza bomba la jikoni, na sisi tukishika ndoo.

"Ijumaa baada ya chakula tutakaa kikao," akasema. "Gari iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na ukitaka kwenda Qantab, mama, wewe sema tu. Tutakupangia."

Tutakupangia! Nyinyi mnaokaa na watoto wakubwa mnalijua neno hilo. Jino langu hili la nyuma limepangiwa daktari tokea Mfungo Mosi. Sasa tumo Mfungo Sita, na bado natafunia upande mmoja. Ikiwa jino lililo kinywani mwangu halijafika kwa daktari, mimi mzima nitafika lini Qantab?

Basi nikaona wazi: gari ikienda, na mimi nimekwenda. Nitakuwa kama ile birika ya shaba iliyo sebuleni. Wageni wanaisifu, na hakuna anayeitilia kahawa.

* * *

Harub akalipeleka jambo kwenye kundi la familia la simu. Mnayajua makundi hayo. Mtu akiumwa kichwa Maskati, dawa zinatoka Unguja, Dubai na Uingereza kabla hajatafuta mto.

Khattab, mtoto wa shemeji yangu, mwenye shahada ya hali ya hewa, akasema ni betri.

Binti yake Khattab, aliye Uingereza, akasema gari kuukuu zinaharibu hewa ya dunia, kwa hiyo inafaa ife.

Sabah, binamu yangu wa Unguja, akatuma sauti ndefu, majogoo wanawika nyuma yake: "Nani kaisifu gari hiyo? Jicho hilo! Isomeeni, muifukize, mtakuja niambia."

Wakaomba dua. Wakatuma maua. Mmoja akatuma picha ya mtoto wake amehitimu chekechea, wote wakaiacha gari wakampongeza mtoto.

Katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyeuliza: gari inafanyaje?

La kufukiza sisi hatukulihitaji. Mkwe wangu Manal, mke wa Harub, ni hodari wa hilo tokea zamani. Na hapa lazima niwaeleze vizuri, maana ndipo penye mambo.

Kila Ijumaa alfajiri Harub huja kuchukua ufunguo. "Mama, naenda kukuoshea gari. Nataka radhi zako." Nami humpa radhi pale mlangoni, tena kwa sauti, ili majirani wasikie nilivyozaa. Nnakiri hilo. Mkurugenzi mzima, ana gari yake mpya nyeupe ambayo viti vyake havijavuliwa nailoni, lakini anaamka kabla ya jua kuiosha ya mama yake!

Hurudi nayo kabla ya sala ya Ijumaa, imeoga, inametameta. Kisha Manal anashuka na chetezo. Makaa mekundu, ubani wa Dhofar ule mweupe wa kijanikijani, udi kidogo na sandali. Anakiweka chetezo ndani, anafunga milango na madirisha, moshi unajaa mpaka usukani hauonekani.

"Gari ya mtu mzima lazima inukie, mama," huniambia.

Nami humwombea dua. Nikawa nnanukia mpaka Qantab. Sayyida hunisikia harufu kabla hajasikia honi.

* * *

Jumatatu nikaamua. Kabla ya kikao chao, nitakwenda kwa mtu anayejua gari. Nikashuka nayo taratibu mpaka Ruwi, nyuma ya maduka, kwenye gereji ya Fidel.

Fidel ni Mkenya, kijana wa Nakuru, na si mtu wa haya. Kwenye fulana yake kumeandikwa mgongoni "Daktari wa Otomatiki". Miwani ya jua haivui hata akiwa chini ya gari.

"Karibu mama! Mushkila ni gani?"

"Gari inafikiri."

"Inafikiri aje?"

"Nikitia D haiendi papo hapo. Inakaa kwanza, kama mwari aliyeulizwa posa. Kisha inagutuka, ndu! Ndiyo inakwenda."

"Na rivasi?"

"Rivasi nayo vivyo hivyo, lakini kwa kununa."

Fidel akacheka. Akaleta kikompyuta chake, akakichomeka chini ya usukani, akakitazama kama anayesoma barua ya serikali.

"Mama, komputa inasema hakuna kosa. Hii gari ni mzima kuniliko. Ni raba za injini zimeisha tu, ndiyo maana inagonga. Mimi nilijua hata kabla uzime."

"Raba za injini zinazuia gari kupanda kilima?"

"Kilima gani sasa? Hukuniambia kilima."

"Cha Qantab. Hukuniuliza, mwanangu. Umeiuliza kompyuta."

Akakuna kichwa. Nikamwambia apande, twende mpando wa karibu, mimi niendeshe. Hakupenda. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango kama anayepelekwa jela.

Mpandoni nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, mshale wa mzunguko ukapanda mpaka karibu na wekundu, na gari ikabaki pale pale kama iliyotia nanga. Pikipiki ya mpeleka chakula ikatupita, yule kijana akanipungia mkono.

Fidel akavua miwani. Mara ya kwanza nikamwona macho.

"Walai, inateleza."

"Barabara kavu hii, inatelezaje?"

"Inateleza ndani, mama. Injini inazunguka, giaboksi haishiki. Si raba. Wacha raba, sahau niliongea kuhusu raba." Akaguna. "Sasa niambie ukweli. Umewahi kusikia harufu ya kitu kinaungua?"

"Harufu ya udi."

"Si yako, mama. Ya gari."

"Ya gari ndiyo ya udi."

Akaingiza kichwa ndani, akakitoa haraka, machozi yanamtoka. "Ai! Hii si gari, hii ni chumba cha bibi harusi. Hata ingeungua nyumba nzima humu, nani angejua?"

Tukarudi gereji. Pale nikaona nilivyokuwa nikidanganywa hata juu ya kupima oili. Harub alikuwa akiipima uani kwetu, penye mteremko, injini imezimwa na imepoa, kisha anasema, "Kiufundi, ipo." Fidel akaisimamisha mahali tambarare, injini ya moto na inanguruma. Akaniambia nikanyage breki, niupitishe mkono wa gia pole pole kila mahali, kuanzia P mpaka L, kisha niurudishe. Ndipo akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye tishu nyeupe.

Oili ya giaboksi inatakiwa iwe nyekundu, kama ile sharubati ya kufuturia. Yetu ilikuwa nyeusi kama kahawa iliyolala.

Fidel akainusa. "Sisikii kitu. Udi yako imenikalia kwa pua yote."

Nikamnyang'anya ile tishu. Nikatoka nayo nje, mbali na gari, mpaka pale penye upepo. Nikavuta pumzi safi kwanza, kama tunavyofanya kabla ya kuonja samli. Kisha nikanusa.

Vitunguu vya pilau vilivyosahauliwa jikoni, mpishi yuko dirishani anazungumza na jirani.

"Imeungua," nikamwambia.

"Nilijua!" Fidel akapiga kofi. "Si nilikuambia giaboksi?"

* * *

Sasa tulieni hapa.

Fidel akafungua milango yote minne na buti. Akakitoa kile chetezo ambacho Manal alikiacha chini ya kiti. Tukanywa chai ya maziwa huku gari ikipigwa na upepo. Tuliporudi, ubani ulikuwa umeanza kuondoka, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine.

Samaki.

Wallahi nikashika kifua. Marhoon alikuwa na sheria moja tu katika maisha yake: samaki hapandi gari hii. Hata tukinunua changu mmoja sokoni Mutrah, aliyeoshwa na kufungwa mifuko mitatu, tulikuwa tunarudi kwa teksi na yeye anatufuata nyuma na gari tupu. Nami sheria hiyo sijaivunja.

Nikalifunua zulia la buti. Mchanga. Na gamba moja kubwa, linang'aa, limenata kama stempu.

Fidel alikuwa amelala chini, sauti yake ikatokea uvunguni. "Mama, wewe huvuta nini na hii gari?"

"Mimi navuta uradi, mwanangu. Kingine sivuti."

"Basi njoo uone hii kulabu."

Nyuma ya gari kuna kulabu ya kufungia tela, Marhoon aliiweka zamani tulipokuwa na mbuzi. Tokea alipofariki iliota kutu mpaka ikawa kama mzizi wa mti. Nikainama, magoti yakalia. Kulabu ilikuwa inang'aa kama dele la kahawa siku ya Idi.

"Hii inafanya kazi kila wiki," akasema Fidel. "Ukivutisha gari mzee tela nzito kwa mlima kama ule wa Qantab, oili inachemka. Ikichemka sana, inaungua. Ikiungua, klachi za ndani zinaanza kuliwa. Halafu gari inafikiri, inagonga, inateleza. Hiyo story yote uliniambia."

Kila wiki. Kila Ijumaa alfajiri. *Mama, naenda kukuoshea gari. Nataka radhi zako.*

Nami nikampa! Nikampa kwa sauti! Majirani wakaitikia amina!

Na Manal na chetezo chake. Nilidhani anafukuza husuda, kumbe anafukuza jodari.

Nikakaa kwenye tairi kuukuu. Mkurugenzi ana tela. Mwenye tela, mchanga na gamba la samaki ana boti, na ufukwe wenye kilima ni Qantab. Gari yake mpya hataki iguse maji ya chumvi, basi akaitia ya marehemu baba yake. Na sasa ameona inakufa, anataka ikafumuliwe vyuma kabla mtu hajachungulia nyuma. Tena aseme ni mguu wa mama ndio ulioiua.

"Inapona?" nikamuuliza Fidel.

Hapo kwa mara ya kwanza hakujisifu.

"Hapo ndipo pagumu, mama. Oili hii ni chafu, lakini ule uchafu ni unga wa klachi zenyewe. Saa hii huo unga ndio unasaidia zishikane kidogo. Nikimwaga nitie mpya safi, inaweza kupona, uendeshe mpaka wajukuu waolewe. Ama inaweza kukataa kabisa, isitoke hata hapa mlangoni. Nikiiacha hivi, itakubeba siku mbili tatu, halafu ikuache kwa kilima."

"Kwa hiyo uchafu ndio uliotushikilia?"

"Eeh. Kwa sasa."

"Usimwage mpaka nikwambie."

* * *

Nikampigia simu Sayyida pale pale. Nilitaka shahidi, na nyumba yake inatazama ufukwe.

"Sayyida, nakuuliza. Harub huja huko Qantab Ijumaa?"

"Boti gani?" akasema.

"Sijasema boti. Nimesema Harub."

"Ah! Masikio haya, dada, yamekufa pamoja na mguu. Mimi Ijumaa nalala mpaka adhuhuri, nitamwona wapi? Ndiyo maana nakwambia uje Alkhamisi, Ijumaa usije."

"Basi pumzika."

"Na mkate wa kumimina usisahau."

Nikakata simu, nikamwonea huruma. Uzee huu, nikasema, unaanza miguuni unamalizia masikioni.

Alkhamisi hiyo sikwenda Qantab. Ijumaa alfajiri Harub akabisha hodi kama kawaida, uso wa mtoto mwema.

"Mama, ufunguo. Nataka radhi zako."

"Gari ipo gereji."

Uso ukabadilika rangi. "Gereji ipi? Nani kaipeleka? Mama, ungenambia ningekupangia!"

"Nimejipangia."

Akatoka nje. Nikamwona dirishani anazunguka uani na simu sikioni, mkono kaufunika mdomo, kama kuku aliyekosa pa kutagia. Nililisikia neno moja tu: "Leo haiwezekani."

* * *

Kikao kikakaa baada ya chakula. Manal alipika wali wa nazi na, Mungu ana maajabu yake, samaki wa kupaka. Khattab alikuja na shahada yake ya hali ya hewa. Harub akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akasema kama yumo televisheni.

"Sote tunampenda mama. Lakini lazima tuseme ukweli. Gari za otomatiki zina unyeti wake. Mama anakanyaga breki na mafuta pamoja. Kiufundi, hilo ndilo linaloua giaboksi."

"Pamoja na betri," akasema Khattab.

"Na jicho," ikatoka sauti ya Sabah kwenye simu. Walimweka katikati ya busati, kaegemezwa kwenye sahani ya halua.

"Mama, una la kusema?"

"Mimi sina, mwanangu. Nimesoma mpaka la sita tu. Nyinyi kuleni halua."

Wakatazamana kwa furaha. Mama kakubali! Harub akasema mnunuzi wa vyuma atakuja kesho. Manal akaanza kukusanya vikombe.

"Keti, Manal," nikamwambia. "Kila siku unafukiza wewe. Leo nafukiza mimi."

Asiye wa kwetu nimweleze. Hapa Maskati, mgeni akishakula, akanywa kahawa, hupitishiwa chetezo. Anajifukiza kanzu na ndevu, na hapo anajua wakati umefika. Wenyewe husema baada ya udi hakuna kukaa. Ni adabu, na ni njia nzuri ya kumfukuza mtu huku ananukia.

Nikaingia jikoni. Makaa yalikuwa tayari mekundu. Juu yake sikutia ubani wala udi. Nikatoa mfukoni ile tishu ya Fidel, nikachana kipande, nikakiweka juu ya kaa.

Nikaanza kwa Khattab, kwa heshima, mkono wa kulia. Akainama, akafunika chetezo kwa shemagi, shali lake la shingoni, akavuta pumzi ndefu ya mtu mstaarabu.

Akakohoa mpaka kofia ikaanguka. "Nini hiki, mama mkubwa? Balaa gani hili?"

"Udi safi wa Kimaskati. Jifukize, baba."

Nikampelekea Manal. Akanusa kidogo tu, akaweka mkono puani, macho yakamkimbilia mumewe. "Mie niliambiwa nifukize tu," akasema, na hakuna aliyemuuliza.

Nikafika kwa Harub. Moshi mweusi ukampanda kwenye ile kanzu nyeupe. Mkurugenzi akanusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Na ulimi ukamponyoka.

"Hii ni ile harufu ya kilimani!"

Sabah kwenye simu akaomba asogezwe karibu na Harub.

"Kilima kipi, mwanangu?" nikamuuliza. "Wewe si huosha gari tu?"

Kijasho kikamtoka juu ya mdomo, pale pale kilipokuwa kikimtoka akiwa mdogo na sukari imepungua kopoani.

"Nimeikuta kulabu, Harub. Nimelikuta gamba. Nimeukuta mchanga. Radhi zangu nilizokuwa nakupa mlangoni nimezitafuta, nimezikuta ufukweni zimefungwa kwenye tela. Boti yako inaua gari ya baba yako, na mguu wangu ndio unaopelekwa kwa mnunuzi wa vyuma?"

"Mama..."

"Kiufundi, nijibu."

Akamtazama Manal. Akaitazama simu yenye Sabah. Kisha akasema pole pole, kama anayeteremka ngazi gizani:

"Mama, naapa. Boti si yangu. Mimi navuta tu samaki kwa tela mpaka sokoni. Boti ni ya mama mdogo Sayyida."

Nikacheka. Mnisamehe, nilicheka kweli. Sayyida asiyevuka kizingiti? Sayyida anayelala mpaka adhuhuri?

Ndipo nikaikumbuka ile simu. *Boti gani?*

Kicheko kikanikaukia.

Na mlango ukagongwa. Manal akaenda kufungua, na harufu ya chumvi ikatangulia ndani kabla ya mtu. Kizingitini alikuwa amesimama mdogo wangu Sayyida. Kwa miguu yake miwili. Buibui limelowa chini mpaka magotini, na mkononi kamning'iniza jodari, mkia wake unafagia sakafu.

"Dada," akasema, "nimekuja kwa teksi. Nilimwambia Harub anyamaze, nikajua leo hatoweza."

Hapo simu yangu ikalia. Fidel. Ijumaa asubuhi huwa kanisani, maana hapa mapumziko ya wiki ni Ijumaa hata kwa Wakristo, mchana anafungua gereji.

"Mama, niko chini ya gari, kizibo cha oili nimekilegeza, kimebaki uzi mmoja. Nifanye aje? Nimwage ama nisimwage?"

Sauti ilisikika sebule nzima. Harub akasema, "Mama, mwambie asimwage, tutaipangia." Sayyida akasema, "Usimwage, dada. Nisikilize kwanza. Yanaweza kuharibika yote."

Nikaitazama ile miguu yake miwili, imara kama nguzo. Miaka yote ile, mikate ya kumimina yote ile.

"Fidel, mwanangu," nikasema. "Mwaga."

Tukasikia kizibo kinaanguka kwenye karai, kisha oili nyeusi inaporomoka, nzito, haina haraka.

Chetezo kilikuwa bado kinafuka katikati yetu. Sayyida akakitazama. Amezaliwa na wazee wale wale walionizaa mimi, adabu anaijua kama mimi. Baada ya udi hakuna kukaa.

Akavua viatu, akamlaza jodari juu ya sinia, akakaa.